Kiswahili cha Njia Panda ya Kamina

Ramani ya utawala inasema Kamina ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami, hadhi ambayo mji uliipata mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Reli inaueleza mji huu vizuri zaidi. Kutoka Lubumbashi njia inapita Likasi, Tenke, Lubudi na Luena, inavuka mto Lualaba pale Bukama, kisha inapanda hadi Kamina, mwendo wa kilomita kama 600. Hapo inagawanyika. Tawi moja linashika kaskazini-magharibi kupitia Kaniama na Mwene-Ditu hadi Kananga na bandari ya Ilebo kwenye mto Kasai. Jingine linakwenda kaskazini-mashariki kuelekea Kabalo na hatimaye Kalemie, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Nilikwenda Kamina kwa sababu ya njia panda hiyo, maana reli zinapokutana na lugha hukutana. Mtanzania anayefunga safari kama hii huhesabu mapema lugha atakazohitaji kujifunza: Kifaransa kwa ajili ya ofisi, Kiluba kidogo kwa ajili ya heshima, labda na Lingala kwa ajili ya askari. Kiswahili hakiweki katika hesabu, kwa kuwa anaamini anacho tayari. Baada ya kuisikiliza Kamina nasema hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Kiswahili kinachosemwa hapa kina kanuni zake kamili, na sisi tuliosomea Kiswahili sanifu tunapofika hapa tunapaswa kukaa kwenye dawati la mwanafunzi. Kiti cha mkaguzi si chetu.

Tuanze na namna kilivyofika, kwa sababu wengi hukosea hapo. Hadithi tuliyoizoea ni ya misafara: Tippu Tip na wenzake waliojikita Kasongo na Nyangwe, upande wa Maniema, na Msiri, aliyetoka kwa Wanyamwezi akajijengea himaya ya Garenganze kule Bunkeya, hadi alipouawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold wa Pili. Ni kweli njia hizo zilitangulia na ziliacha maneno. Lakini misafara peke yake haiwezi kueleza kwa nini mji uliokuzwa na reli, katikati ya nchi ya Waluba, uzungumze Kiswahili. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji, amefuatilia nyaraka, kamusi na miongozo ya lugha ya wakati ule, na amedhihirisha kwamba utawala wa Kibelgiji na waajiri wakubwa walikikuza Kiswahili Katanga kwa makusudi. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Miaka ya mwanzo migodi iliwategemea sana vibarua kutoka Rhodesia ya Kaskazini, na Wabelgiji walikuwa na wasiwasi na kivuli cha Waingereza kilichokuja pamoja nao. Kiswahili kikawa ukuta. Baadaye vibarua wakatolewa Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi, na lugha ya kambi ikawa ndiyo lugha ya kuelewana. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, ikakamilika hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mwaka 1928, na tawi la kutoka Kamina hadi Kabalo likamalizika mwaka 1956. Kila kituo kilipata fundi, karani na mshika bendera waliotoka makwao na lugha tofauti. Watoto wao walizaliwa ndani ya Kiswahili hicho bila bibi wa pwani wa kuwasahihisha, nao wakakifanya chao.

Kitu cha kwanza sikio linachonasa ni viambishi. Watu ni batu, watoto ni batoto, vitu ni bintu, mtu ni mutu. Kuuliza wako wapi ni beko wapi. Nyumbani ni ku nyumba, na ndani ya kitu ni mu hicho kitu. Mtoto mdogo ni katoto, wakiwa wengi ni tutoto. Kitabu changu kinaweza kuwa kitabu yangu bila mtu kushtuka. Mwalimu wa shule ya msingi wa Tanzania angepiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno, na sehemu kubwa ya mistari hiyo ingeangukia chini ya Kibantu chenyewe. Kiambishi ba- kimo katika Kiluba, Kibemba, Kihaya na Kiganda. Wa- ya pwani ni ndugu yake iliyolainika midomoni. Umbo mu- ndilo kamili, na Kiswahili sanifu bado kinalihifadhi katika muundo, muumba na muuguzi. Jozi ya ka- na tu- ya udogo imo katika Kiluba na Kibemba, na imo katika Kikuyu upande wa pili wa bara. Kwa hiyo Mluba, Mbemba au Msanga alipokipokea Kiswahili alikirudishia mavazi ambayo lugha zote za jirani zake zilikuwa bado zinavaa. Hilo halikuwa uzembe wa kujifunza. Lugha ngeni iliingizwa kwenye mpangilio ambao wasemaji wake tayari waliufahamu, na matokeo yake yana utaratibu ambao mtoto wa Kamina haukosei.

Ushahidi unaonishawishi zaidi uko kwenye kitenzi. Jambo la kawaida, la kila siku, husemwa kwa kuongeza kiishio -aka: banasemaka, yaani wao husema, anafikaka, yaani huwa anafika. Msikilizaji kutoka Mwanza au Tabora hapaswi kushangaa, maana kwao watu husema anafikaga na wanasemaga, na matumizi hayo yamekwisha kuingia hata Dar es Salaam licha ya walimu kuyakemea. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanakihesabu kiishio hicho kuwa cha kale, kilichoenea sehemu nyingi za bara. Sanifu ilikipoteza na badala yake ikashika hu-. Tunapokisikia Kamina tunasikia kitu kikongwe ambacho Unguja ilikiacha. Au chukua sauti ya y: maji ni mayi, moja ni moya, kuja ni kuya. Anayekijua Kiamu atatambua hali hiyo hiyo, maana Lamu nako moja ni moya na kuja ni kuya. Sidai kwamba Kamina ilijifunza kutoka Lamu. Kila mmoja alifika kwa njia yake. Ninachodai ni kwamba sauti tunayoiita tamu ikiwa ndani ya utenzi wa Lamu hatuwezi kuiita mbovu ikiwa stesheni ya Kamina. Wala sifichi kilichopungua. Upatanisho wa ngeli umelegea sana, kiambishi -me- kimepungua nguvu, na virejeshi vya ndani ya kitenzi vimeachia nafasi mutu mwenye alikuya. Ni urahisishaji wa kweli, sawa na ule ambao lugha nyingi za mijini zimeupitia. Mahali pengine lugha hiyo hiyo imeongeza ilichokosa sanifu, na mizani ya haki hupima pande zote mbili.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hizi ni tofauti za matamshi na viambishi tu, zinafahamika kwa muktadha, hakuna haja ya kuzisomea. Jibu langu ni siku za wiki. Katika Kiswahili cha Katanga Jumatatu ni siku ya kwanza, Jumanne ni siku ya pili, Jumatano ni siku ya tatu, na hivyo hivyo hadi Ijumaa, siku ya tano. Jumamosi ni siku ya posho. Jumapili ni siku ya Mungu, au siku ya yenga. Msafiri wa Tanzania akiambiwa treni inatazamiwa siku ya tatu atafikiri ni Jumatatu, atafika stesheni na mizigo yake, na treni yenyewe ni ya Jumatano. Kwenye reli ya shirika la SNCC, ambako treni za abiria ni chache, kosa la siku mbili si dogo. Hapa muktadha haumsaidii, kwa sababu maneno yote anayajua. Ndiyo hatari ya lugha ndugu: neno geni hukufanya uulize, lakini neno unalolifahamu hukupitisha moja kwa moja hadi kwenye kosa. Na hesabu zote mbili zina mantiki. Pwani huanza kuhesabu baada ya Ijumaa, siku ya sala ya pamoja ya Waislamu, ndiyo maana Jumamosi ni mosi. Katanga huanza baada ya Jumapili, kama misheni na migodi ilivyotaka, na Jumamosi ilikuwa siku ya kampuni kugawa posho ya chakula kwa wafanyakazi. Historia ya Uislamu wa pwani imo katika wiki moja, historia ya kazi ya kikoloni imo katika nyingine. Mtu anayesahihisha siku ya posho kuwa Jumamosi anafuta kumbukumbu ya vizazi vya watu waliosimama kwenye foleni ya unga.

Sokoni mambo ni hayo hayo kwa haraka zaidi. Ugali ni bukari, kisamvu ni sombe, mchicha ni lengalenga, baiskeli ni kinga, na mtoto anayekwenda shule anakwenda ku masomo. Bei hutajwa kwa Kifaransa katikati ya sentensi ya Kiswahili, mille cinq cents, deux mille, kama vile Mtanzania anavyotaja namba ya simu kwa Kiingereza.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo husemwa hata na wasomi wa Kongo wenyewe: kwamba Kiswahili hiki kilizaliwa kuwa lugha ya amri, chombo cha msimamizi kumwambia kibarua abebe, achimbe, anyamaze, na kwa hiyo hakiwezi kubeba fikra. Chanzo hicho sikikatai; nimekieleza mwenyewe hapo juu. Nakataa hitimisho. Kamina ni mahali pazuri pa kulijadili, kwa kuwa padri Placide Tempels, Mfransisko aliyeandika La Philosophie bantoue, kitabu kilichotoka Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945 na kuzua mjadala wa falsafa ya Kiafrika ambao haujaisha hadi leo, alifanya kazi ya umisheni katika nchi hii ya Waluba, Kamina ikiwemo. Miaka ya 1950, upande wa Kolwezi, mafundisho yake yalizaa kundi la waumini walioitwa Jamaa, na mafundisho ya Jamaa yaliendeshwa kwa Kiswahili cha wachimba migodi. Nguzo zake tatu zilikuwa uzima, uzazi na mapendo, na juu ya hizo watu wa kambi, wanaume kwa wanawake, walijenga mazungumzo marefu kuhusu ndoa, nafsi na Mungu ambayo Fabian aliyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 1971. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Élisabethville kwa Kiswahili hicho hicho, ikiwa ni historia ya mji kama walivyoiona waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu. Na kabla ya hapo, mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, yaani Likasi ya leo. Gitaa lake na Kiswahili chake vilifika Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya wakamfuata. Lugha iliyotungiwa teolojia, historia na muziki na watu wale wale waliokuwa wakiamrishwa kwayo imekwisha kuvuka kabisa kazi iliyopangiwa.

Wapo wanaokubali yote hayo na bado wanasema: wakati umebadilika. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, UNESCO imeipa lugha yetu siku yake, tarehe 7 Julai, na jumuiya kubwa namna hii inahitaji Kiswahili kimoja. Nami nakihitaji. Makala hii nimeiandika kwa sanifu ili isomeke Kamina, Mombasa na Muscat. Ila tukumbuke sanifu ilivyopatikana. Kiunguja kilichaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Wasemaji wa Kimvita, wenye hazina kubwa ya ushairi kuliko walio wengi, hawakufurahia, na hoja zao zilikuwa na uzito. Lakini sanifu ikasimama bila Kimvita kufa, na bila mshairi wa Mombasa kulazimika kuandika Kiunguja. Utaratibu huo uliowafaa watu wa pwani unaweza kuwafaa watu wa Katanga. Nao wameutangulia. Katanga wana kitu wanachokiita Kiswahili bora, cha kanisani, cha vitabu na cha taarifa za habari, na wengi wanahama kutoka kimoja kwenda kingine kadiri hali inavyotaka. Mkazi wa Kamina anamwelewa mgeni wa Dar es Salaam kwa urahisi kuliko mgeni anavyomwelewa yeye. Kama tunatafuta nani ana upungufu wa lugha katika mazungumzo hayo, jibu ni mgeni.

Hapo ndipo ugumu wa kujifunza ulipo. Watu wa Kamina ni waungwana: wakisikia lafudhi ya pwani au ya Bara la Tanzania hujitahidi kumfuata mgeni. Ba- inageuka wa-, siku ya posho inageuka Jumamosi, sentensi inapunguzwa mwendo. Mgeni hudhani anaelewa kila kitu, kumbe anahudumiwa. Anaweza kuondoka akiwa amesifiwa Kiswahili chake na asiwe amesikia Kiswahili cha mahali hapo hata kidogo, isipokuwa pale wenyeji wanapozungumza wao kwa wao. Ushauri wangu kwa msafiri ni kuweka sikio mbele ya mdomo. Ajifunze kwanza kuelewa, wala asikimbilie kuiga. Kuiga ba- na -aka kabla ya kuzielewa huwa kunasikika kama dhihaka. Aseme sanifu yake bila aibu, amwite mtu mzima papa au mama kama wenyeji wanavyofanya, na aombe asisahilishiwe. Matumizi ya wenyeji yatamwingia yenyewe, kuanzia njo maana badala ya ndiyo maana, kisha sawa vile badala ya kama vile.

Limebaki pingamizi ambalo sina jibu jepesi kwake. Kamina ni nchi ya Waluba, na lugha ya ardhi hii ni Kiluba, ambacho tusikichanganye na Tshiluba cha Kasai ingawa ni ndugu. Ndicho kilichobeba historia ya dola ya Waluba, iliyohifadhiwa na chama cha mbudye kwa kutumia lukasa, ubao wa shanga ambao mjuzi aliusoma kwa vidole na kusimulia nasaba za wafalme. Mbele ya urithi huo, kukitetea Kiswahili cha reli kunaweza kuonekana kama kumtetea mpangaji dhidi ya mwenye nyumba. Nakubali kwamba katika vijiji vya Kabongo na Malemba-Nkulu mtoto anayeanza shule ana haki ya kuanza kwa Kiluba, na sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa na za mahali kufundishia. Nakubali pia kwamba kushiriki lugha hakuzuii chuki. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, zikasongamana kwenye stesheni zikingoja treni za kwenda Kasai, na wengi wao walizaliwa Katanga na walisema Kiswahili kile kile cha waliowafukuza. Mtu asiniambie Kiswahili kinaunganisha bila kulitaja hilo. Hata hivyo, Kiswahili cha Kamina kimeathiriwa na Kiluba kiasi kwamba adui wa Kiluba angetafutwa pengine. Mwenye kukidharau kwa sababu ya ba- na ka- anadharau alama ya Kiluba ndani yake, na mwenye kukirekebisha kiwe Kiunguja ndiye anayemwondoa Mluba kwenye lugha anayoitumia kila siku mjini. Kuhusu Lingala sina mengi ya kusema: kiliingia na jeshi, na Kamina ina kambi kubwa ya kijeshi iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili, hivyo kina nafasi yake mjini bila kukitikisa Kiswahili cha raia.

Padri Charles Sacleux alipochapisha kamusi yake mwaka 1939 alizirekodi lahaja za pwani moja moja, akiandika neno hili ni la Lamu, hili la Pemba, hili la Ngazija, na hadi leo watafiti wanamshukuru. Katanga haijapata heshima ya namna hiyo katika kamusi zetu wenyewe za Kiswahili kwa Kiswahili. BAKITA, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar wana uwezo wa kulirekebisha hilo. Naomba maneno ya Katanga yaingizwe kwenye kamusi na kuandikiwa yanakotoka, bila alama ya kosa. Naomba pia wanafunzi wa isimu wa Tanzania na Kenya watumwe huko kwa miezi, wafanye kazi pamoja na wenzao wa Lubumbashi na Kamina, wakawarekodi wazee waliokulia kwenye kambi za reli. Kutoka Kigoma, Kalemie iko ng'ambo ya ziwa, na kutoka Kalemie reli inakwenda hadi Kamina.